Bwana Harusi Amekataliwa Mlangoni

Siku Bwana Harusi alipokataliwa mlangoni, mtaa mzima ulipata la kusema, na wasiokuwa na la kusema walitunga. Wapo wanaodai palipigwa makofi. Wapo wanaoapa waliona damu. Yote uongo. Kisa kilianza na sikio, na hapo ndipo pa kuanzia.

Bwana Harusi alikuwa sungura, dume mkubwa wa kijivu, kifua kipana, mali ya kikundi cha akina mama wafugaji. Kikundi hakikuwa na uwezo wa kila mwanachama kufuga dume lake, kwa hiyo walikuwa na mmoja wa wote, anayezunguka nyumba kwa nyumba, juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Alibebwa kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, akina mama wakimsindikiza kwa nyimbo za utani, na mwenye zamu akimpokea mlangoni kama mtu anayempokea mkwe. Na kulikuwa na jambo ambalo halikusemwa kwenye kikao chochote lakini kila mtu alilijua: Bwana Harusi hakataliwi. Kumkataa ni kusema nyumba aliyotoka ni chafu.

Zamu ilikuwa ya Msusi. Mtaani hakuna aliyemwita vinginevyo, maana hakuna kichwa cha mwanamke mtaani hapo ambacho hakijapita mikononi mwake. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na nyuma ya nyumba alikuwa na majike wanne wa sungura. Binti yake alikuwa shule ya bweni kwa sababu ya majike hao. Saluni ililisha nyumba, sungura walisomesha mtoto, ndivyo mambo yalivyopangwa, na mpango huo haukuwa na akiba pembeni.

Safari hii Bwana Harusi alikuwa anatokea kwa Mwenyekiti wa kikundi, na Mwenyekiti alikuwa wifi yake Msusi, dada mkubwa wa mumewe. Tena walikaa nyumba moja. Marehemu baba alimwachia nyumba binti mkubwa, basi Mwenyekiti alikaa vyumba vya mbele, Msusi na mumewe vyumba viwili vya nyuma. Mabanda ya sungura wa Msusi yalipigiliwa misumari kwenye ukuta wa jiko la Mwenyekiti, kwa sababu ukuta huo ndio pekee uani wenye kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Kutoka banda la Mwenyekiti hadi mlango wa Msusi ni kukatiza jikoni tu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Mwenyekiti alitoka mlango wa mbele na kikapu chake, akauzunguka mtaa na akina mama nyuma yake, akaja kupiga hodi kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe.

Msusi alifuta mikono, akakipokea kikapu, akafunua kitambaa. Bwana Harusi akatikisa kichwa. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kutikisa kichwa huko ndiko kulikokuwa kichekesho cha kikundi kwa muda sasa. Aliyekianzisha ni Mama Pacha, jirani wa upande wa pili, mwanamke asiyekosa neno hata msibani. Alisema Bwana Harusi anawakataa wachumba, ana maringo, anachagua. Na kwa kuwa waliamini hivyo, kila alipotikisa kichwa walimwacha bandani na jike usiku kucha badala ya kumtoa mapema, ili wazoeane. Hakuna aliyejiuliza kwa nini bwana harusi anatikisa kichwa hata akiwa peke yake na majani yake.

Msusi naye alicheka, kwa mazoea tu, huku mkono wake ukipita kichwani kwa sungura. Kisha mkono ukasimama. Nywele za nyuma ya sikio la kushoto zilikuwa fupi. Hazikunyonyoka, zilikatika. Tofauti hiyo Msusi aliijua vizuri sana: nywele inayonyonyoka hutoka na mzizi wake, inayokunwa hukatikia katikati. Akauinua mguu wa nyuma, akatazama kucha. Zilikuwa na vumbi jeupe la ngozi, kama mba. Sikio lile la kushoto lilikuwa limelala kidogo kuliko mwenzake. Akalifungua kwa vidole viwili. Juu palikuwa safi, safi kupita kiasi, pekundu, panang'aa mafuta. Chini kabisa, mwanga unapoishia, palikuwa na ukoko wa kahawia kama makombo ya mkate mkavu. Bwana Harusi akaruka kwa maumivu.

Na mafuta yale yalikuwa na harufu. Msusi aliinusa, akaijua, akanyamaza.

Kazi yake ilikuwa imemfundisha namna ya kusema mambo ya aina hii. Alishawakuta wake za watu wazito na chawa, na wasichana wa harusi na mapunye, na hakuna hata mmoja aliyeaibika kitini kwake. Huinama, akanong'ona, mambo yakamalizwa nyuma ya pazia. Basi aliinama hivyo hivyo kwa wifi yake.

"Wifi, njoo ndani kidogo tuongee."

"Tuongee nini?" Mwenyekiti alisema kwa sauti ya mkutano. "Mali ni ya wote. Sema hapa hapa wote wasikie."

"Ni jambo dogo. Ndani tu, wifi yangu."

"Mimi sina siri na kikundi changu."

Msusi alitazama ukutani, kwenye mabanda yake. Kidoti, jike wake mzuri kuliko wote, mweupe mwenye doa jeusi puani, alikuwa amesimamisha masikio yote mawili, anasikiliza mambo ya watu. Masikio yalikuwa safi.

"Basi simpokei," Msusi akasema. "Ana vidudu masikioni. Vinaambukiza."

Akafunika kitambaa, akakirudisha kikapu. Mwenyekiti hakukishika, kwa hiyo kikakaa chini katikati yao. Mama Pacha alijaribu kuokoa jahazi, akasema jamani ni maringo tu, mnamjua huyu. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alianza kuanua nguo za kamba nzima, ambazo hata hazikuwa zake.

"Kwa hiyo nyumba yangu ni chafu," Mwenyekiti akasema.

"Sikusema nyumba. Nimesema sikio."

"Umekaa kwenye ua wangu, kwenye kivuli changu, na leo mbele za watu unaniambia nimeleta uchafu. Haya. Kesho saa kumi kikundi kinakutana hapa hapa. Ama umpokee Bwana Harusi kama wenzako wanavyompokea, ama uondoe mabanda yako kwenye ukuta wangu."

Alichukua kikapu, akaondoka. Safari hii alipita jikoni.

Mumewe Msusi alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na mbao nyingi. Alirudi jioni akiwa ameshapewa habari njiani na watu wanne, kila mmoja na yake. Alikaa, akala nusu sahani, akaisogeza. Kisha akaanza kuzunguka mbuyu. Akasema dada ni dada. Akasema tangu mama afariki ni dada aliyemwogesha na kumpeleka shule. Akasema mabanda yale aliyapigilia kwa misumari mirefu, na kuyang'oa ni kuubomoa ukuta. Mwisho akafika alipokuwa anakwenda.

"Si umpokee tu? Umweke pembeni, asiguse majike wako. Juma likiisha unampeleka mbele. Nani atajua?"

"Mbele wapi?"

"Kwa Mama Pacha."

"Nimbebe kwenye kitambaa cheupe, niimbe, nimkabidhi Mama Pacha ugonjwa ninaoujua? Ana vichanga bandani yule. Nitamtazama na uso gani?"

Fundi alikuna kidevu. Akauliza kama ana uhakika, maana yeye alitazama masikio ya Bwana Harusi juzi akirekebisha mlango wa banda la dada, na aliyaona masafi.

"Ndiyo, masafi," Msusi akasema. "Yamesafishwa. Ukoko umebanduliwa kwa kucha, ngozi ikatoka nayo, kisha yakapakwa mafuta ya mbarika na mchaichai."

Fundi akainua uso. Mafuta ya mbarika na mchaichai aliyatengeneza mkewe mwenyewe, jikoni humo humo, na hakuyauza. Aliyatoa zawadi kwa mtu mmoja tu, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kukatika mbele kwa sababu ya umri na fikra.

"Dada anajua?"

"Anajua."

"Kwa nini hukusema mbele yao?"

"Kwa sababu ni dada yako," Msusi akasema kwa hasira. "Nilimwita ndani mara mbili. Nilimpa nafasi ya kutoka na heshima yake. Akaamua kunivua nguo mimi."

Fundi alisimama. Alitoka, akakaa uani kwenye kigoda akiutazama ukuta wa jiko hadi giza lilipoingia.

Asubuhi saluni ilikuwa kimya. Mteja wa kwanza hakuja. Wa pili alipita upande wa pili wa barabara na mwamvuli, na jua lenyewe halijachomoza sawasawa. Wa tatu alikuja, akakaa, akafumuliwa nusu kichwa, kisha akauliza kwa upole wa kuumiza kama vichanuo vinachemshwa, maana amesikia Msusi anafuga vidudu. Habari zilikuwa zimeshageuzwa usiku, mwenye kuona ugonjwa amekuwa mwenye ugonjwa. Msusi alichukua birika, akavichemsha vichanuo vyote mbele yake kimoja kimoja. Mwanamke akaona haya akatazama sakafu. Lakini Msusi hakumsaidia kuinua uso.

Kabla ya adhuhuri pazia la mlango wa nyuma likasogea, akaingia Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa huo hakuwa na neno. Alikuwa na kitu kifuani, ndani ya kanga. Akakifungua magotini. Jike mdogo wa rangi ya udongo, sikio moja limelala.

"Anatikisa kichwa," Mama Pacha akasema. "Tangu Bwana Harusi alipotoka kwangu zamu ile ya mwanzo. Mimi nikasema amerithi maringo ya mumewe." Alijaribu kucheka, ikamshinda, akaanza kulia. Kichekesho kile alikianzisha yeye.

Msusi hakumtuliza kwanza. Alimpa kazi. Alimsogeza dirishani penye mwanga, akamwonyesha nywele zilizokatika nyuma ya sikio, akamshikisha kucha zile zenye vumbi jeupe, akamfundisha kulifungua sikio bila kulivuta na kutazama chini kabisa, siyo juu. Akamwambia dalili za mwanzo hazimo kwenye ukoko. Ukoko ukionekana juu, ujue umechelewa. Dalili ni mguu unaokwenda sikioni kila mara, ni kichwa kinachotikiswa bila sababu, ni jike aliyekuwa wa kwanza kwenye majani anakuwa wa mwisho. Na usibandue. Kubandua ni kumchuna mzima mzima.

"Sasa tufanyeje?"

"Nimempigia daktari wa mifugo. Atakuja kesho asubuhi. Amesema wote waliolala na Bwana Harusi watazamwe, na majani ya mabandani yachomwe."

"Wote?" Mama Pacha akajifuta macho. "Basi ni kikundi kizima. Na mkutano ni leo."

Saa kumi ua ulikuwa umejaa. Mwenyekiti alikuwa ametoa kiti chenye mikono, kikapu kiko miguuni pake, kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi. Fundi alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa shuleni kwa mkuu.

Mwenyekiti alianza kwa mbali. Alieleza kikundi kilivyoanza, alivyosafiri mwenyewe kwenda kumchagua Bwana Harusi, alivyombeba mapajani njia nzima. Alisema umoja ni kuaminiana. Kisha akakiinua kikapu, akakinyoosha mbele.

"Unampokea, humpokei?"

"Simpokei," Msusi akasema. "Na ningependa yeyote asimpokee."

Minong'ono ikapita. Msusi akasogea, akapiga goti, akafunua kitambaa mwenyewe. Akamtoa Bwana Harusi, akamweka mapajani, akageukia akina mama. Aliwaambia waje mmoja mmoja watazame, tena wasitazame juu, watazame chini. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Pacha. Akatazama, akasimama, akasema kwa sauti kwamba wake anao ukoko huo huo, na kwamba maringo aliyoyasema hayakuwapo, alikuwa mjinga. Akaja wa pili. Wa tatu akasema lakini mbona juu pasafi hivi, nani amemsafisha?

 Msusi alimtazama wifi yake. Alikuwa bado anampa mlango, na Mwenyekiti aliuona mlango huo, akaupita.

"Huyu mwanamke anatafuta cheo," Mwenyekiti akasema. "Huenda vidudu hivyo amemtia yeye jana, alipomshikashika."

Msusi akamgeukia.

"Wifi, haya mafuta yaliyo sikioni nimeyachanganya kwa mikono yangu. Nilikupa wewe, ukapake kichwani."

 Mkono wa Mwenyekiti ulipanda wenyewe hadi kwenye kilemba, ukashuka. Alipozungumza sauti ya mkutano ilikuwa imemtoka, na aliyebaki kitini alikuwa mwanamke mtu mzima aliyechoka.

"Mimi ndiye niliyemchagua," akasema. "Mliniamini mkanituma. Mlitaka nije niwaambie nimewaletea mgonjwa? Nilidhani atapona. Kila siku nilimsafisha. Nilidhani atapona."

Lau angeishia hapo, wengine walikuwa tayari kumsamehe palepale. Lakini aliona macho ya akina mama yakilainika kwa huruma, na huruma hakuwahi kuizoea. Alinyanyuka, akamnyooshea Msusi kidole.

"Na mabanda yako yatoke. Sasa hivi. Ukuta ni wangu."

"Yatatoka," Msusi akasema.

Akamrudisha Bwana Harusi kikapuni taratibu, akanawa mikono bombani kwa sabuni, akaenda ukutani akaanza kuvuta banda la Kidoti. Halikutikisika. Misumari ilikuwa mirefu kweli. Akavuta tena, akavuta kwa mwili wote, kijiti kikamchoma kiganjani, damu kidogo ikatoka, na ndiyo damu pekee ya kisa hiki. Hakulia, hakuomba. Akina mama walisimama wakiona aibu wasijue waitie wapi mikono.

Kisha Fundi alitoa mikono mgongoni. Alikuwa na nyundo. Alikuwa nayo muda wote, na hakuna aliyejua aliileta kwa ajili ya kazi gani, pengine hata yeye.

"Sogea kidogo, mke wangu," akasema.

"Wewe," dada yake akasema. "Wewe niliyekulea."

"Umenilea, dada, na sitasahau mpaka naingia kaburini. Lakini misumari hii niliipiga mimi." Akaingiza makucha ya nyundo nyuma ya ubao, akakandamiza. Msumari ulitoka na kipande cha plasta. "Ukuta nitaurudishia. Kesho kutwa nitaleta saruji."

Banda la kwanza likashuka. Mama Pacha akalidaka upande mmoja, mwingine akadaka upande wa pili. Hawakuwa na mkokoteni. Wakayabeba kichwani na mabegani, mabanda yote, sungura wakiwa ndani wamejikunyata, wakatoka kwa mlango wa mbele, kupitia sebule ya Mwenyekiti, maana mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mbele alitangulia Msusi na Kidoti kifuani, kichwa juu, kiganja kimefungwa kitambaa cha saluni. Alitaka waone. Asubuhi walimkwepa kwa miamvuli, basi jioni wamtazame vizuri.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi kwa pikipiki, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na haraka nyingi. Alikuta mabanda yamepangwa ukutani mwa saluni chini ya turubai, na benchi la wateja limejaa akina mama wenye vikapu. Aliwatazama sungura wa Msusi kwanza, akawafungua masikio kwa tochi, akasema wazima. Msusi alikuwa amejikaza tangu juzi. Aliposikia neno hilo alivuta kiti, akakaa.

Daktari akaeleza kazi itakavyokwenda. Sindano leo, nyingine baada ya majuma mawili, ukoko utaanguka wenyewe usiguswe. Na foleni ina sheria yake: wazima wanaanza, wanafuata wenye dalili ndogo, mgonjwa kuliko wote anakuwa wa mwisho, ili mikono na meza visiwapelekee wengine vidudu. Akamwomba Msusi awapange, kwa kuwa alishaanza kuwatazama. Msusi akawapanga.

Walikuwa katikati ya kazi Mwenyekiti alipotokea. Peke yake, bila nyimbo, kikapu mkononi, kitambaa hakikupigwa pasi.  Kwa mazoea ya miaka alipita moja kwa moja hadi mbele, pale mwenyekiti anapokaa siku zote, na mwanamke aliyekaa mwanzo wa benchi, kwa mazoea yale yale, akaanza kunyanyuka.

"Kaa," Msusi akamwambia yule mwanamke. Akamgeukia wifi yake. "Shikamoo, wifi. Wagonjwa sana wanakaa kule mwisho."

Mwenyekiti alisimama. Alitazama benchi lote, urefu wake, hadi ncha ile iliyokuwa juani. Wote walimsubiri achague.

"Ukuta upo," akasema kwa sauti ndogo. "Ukitaka kurudisha."

"Najua upo. Fundi ataupiga plasta kesho, kama alivyosema. Sungura wangu wamekaa vizuri hapa."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kidogo, akakubali, akaenda mwisho wa benchi, akakaa na kikapu magotini. Mama Pacha aliyekuwa jirani yake alisogea kumpa nafasi ya kivuli, lakini ilitosha mmoja tu, yeye au kikapu, na Mwenyekiti akakisogeza kikapu kivulini, yeye akabaki juani.

Msusi alimwona. Akanawa mikono, akafuta, akaita anayefuata.